Uzi maalumu wa filta za tangi la samaki: kuchagua, kufunga na kuosha

#1 Perege

Wakuu, swali lilelile linarudi kila mara kwa sura tofauti: maji yamekuwa meupe, samaki wanahema juu, nimefunga filta kubwa lakini samaki bado wanakufa. Nimeona tuwe na uzi mmoja, tuchangie wote, na anayeuliza tumwelekeze hapa.

Nianze na msimamo wangu ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika. Wengi wanachagua filta kwa jinsi inavyong'arisha maji. Mimi naangalia mambo mawili: ina nafasi kiasi gani ya bakteria kukaa, na je, naweza kuifungua na kuisafisha bila kuichukia. Maji kung'aa ni raha ya macho tu. Amonia haina rangi, na maji maangavu kabisa yanaweza kuwa yanaunguza matamvua ya samaki huku wewe umekaa unayasifia.

Samaki anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Nyingine inatoka kwenye kinyesi, chakula kilichobaki na majani yanayooza. Kundi moja la vijidudu linaigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inaifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, samaki anahema kama amekosa hewa na kumbe hewa ipo. Kundi lingine, hasa Nitrospira, linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaistahimili kwa kiwango kikubwa zaidi. Nitrati inaondoka kwa kubadilisha maji au kuliwa na mimea. Filta ya kawaida haiigusi, kwa hiyo anayejisifu kwamba filta yake ni kali hadi habadilishi maji, anajiwekea akiba ya nitrati.

Bakteria hawa wengi wao hawaelei majini. Wanajishikiza kwenye sponji, vipande vya kauri, changarawe, hata kioo chenyewe. Wanataka amonia, oksijeni na maji yanayopita, na filta inawapa vyote mahali pamoja. Ukiliona hilo, maamuzi mengine yote ya kununua na kuosha yanakuwa mepesi.

Sasa ukubwa. Pima tangi kwa sentimita: urefu mara upana mara kina, gawanya kwa 1000, unapata lita. Tangi la 60 × 30 × 30 ni lita 54, na ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama lita 45. Mazoea ya wafugaji wengi ni filta inayozungusha maji ya tangi zima mara 4 hadi 6 kwa saa. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa pampu ikiwa tupu, haina sponji wala mpira mrefu wa kupandisha maji. Ukishaijaza, na uchafu ukaingia, inashuka sana. Kwa hiyo tangi hilo lisipewe filta ya lita 200 kwa saa kwa mujibu wa boksi. Nenda 300 au zaidi, halafu punguza mkondo kama samaki wako ni wa maji tulivu. Beta mwenye mapezi marefu akisukumwa na mkondo mchana kutwa anachoka na anaacha kula.

Kuhusu aina, nitasema ninavyoziona.

Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ndiyo naipenda kuliko zote kwa matangi madogo, matangi ya vifaranga na ya uduvi. Hainyonyi kifaranga, haina kitu cha kuvunjika ndani ya maji, na sponji lake lote ni makazi ya bakteria. Ubaya wake ni sura, mlio wa viputo, na kwamba haishiki vumbi laini vizuri.

Filta ya ndani yenye pampu, ile unayoibandika kwenye kioo, ni nzuri kwa mkondo lakini nyingi zina kisponji kidogo mno. Ya kuning'inia nyuma ni rahisi kufungua, na hilo kwangu ni alama kubwa. Ile ya sahani chini ya changarawe inafanya kazi, ila uchafu unajificha chini na siku ukitaka kuusafisha unabomoa tangi zima. Mimi simshauri mtu.

Filta ya ndoo, ile inayokaa kabatini chini ya tangi na mipira miwili, ndiyo yenye nafasi kubwa ya vichujio, na kwa tangi la lita 150 kwenda juu ina maana. Tatizo lake si la kiufundi. Imefichwa, imefungwa kwa klipu nne, ni nzito, na mwenye nayo anaahirisha kuifungua hadi imekuwa shimo la choo.

Karibuni.

#2 Chewa

Mkuu umeanza vizuri ukaja kuharibu kwenye ndoo 😂. Mimi ninazo mbili kwenye tangi la lita 300 na sitarudi kwenye sponji hata kwa bakora. Tangi la sebuleni watu wanataka kuona samaki, hawataki kuona sponji nyeusi yenye viputo katikati. Halafu uvivu wa mtu usiwe kosa la filta.

Kwa faida ya wengine, mpangilio wa ndani: maji yanapoingia yakutane kwanza na sponji ya matundu makubwa, kisha ya matundu madogo, halafu vipande vya kauri, na mwisho kabisa pamba laini kama unataka maji ya kung'aa. Ukianza na kauri, matundu yake yanazibwa na kinyesi na umepoteza sababu ya kuinunua. Angalia pia maji yanaelekea wapi ndani ya ndoo yako. Nyingi yanashuka pembeni na kupanda kutoka chini, kwa hiyo "kwanza" ni trei ya chini, si ya juu.

#3 Perege

Hapo kwenye mpangilio nakuunga mkono mia kwa mia. Na kwa lita 300 hata mimi ningeweka ndoo. Ila hoja yangu ya uvivu naibakisha, kwa sababu filta inanunuliwa na binadamu.

Jipimie hivi, Chewa. Filta ikiwa mpya au imetoka kuoshwa, toa mdomo wa mpira wa kurudisha maji, uushike usawa wa ukingo wa tangi, elekeza kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 90 unapata lita 400 kwa saa, hata kama boksi linasema 800. Andika namba hiyo kwenye utepe ubandike kwenye filta. Rudia baada ya wiki kadhaa. Ikishuka kwa theluthi moja, fungua uoshe. Hii inakuondolea kubishana na kalenda, maana tangi lenye samaki wachache na la wenye kula kama nguruwe hayachafuki kwa mwendo mmoja.

#4 MamaPacha

Habari zenu. Mimi nina ya kuning'inia, tangi lita 60, gapi wengi tu wanaozaana. Pakiti inasema nibadilishe katriji (kile kichujio cha kuchomeka ndani yake) kila mwezi na ninafuata. Kila nikibadilisha maji yanakuwa kama yamemiminiwa maziwa kwa siku mbili tatu, na samaki wanakaa juu. Nisaidieni, ni katriji mbovu au ni maji?

#5 Perege

Dada, katriji si mbovu. Ndani ya ile katriji ya zamani ndimo walimokuwa bakteria wako wengi, na ukiitupa unawatupa pamoja nayo. Amonia inapanda kabla wapya hawajaongezeka. Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine, wanaokula mabaki, wanaozaana majini kwa kasi na kumaliza oksijeni. Hiyo ndiyo sababu gapi wanapanda juu.

Usinunue katriji tena. Kata kipande cha sponji ya filta, matundu ya wastani, kinachoingia sawasawa kwenye nafasi ya katriji, bila kulazimisha maji yapite pembeni. Kiweke pamoja na katriji uliyonayo sasa, vikae vyote wiki nne hadi sita. Hapo ndipo utoe katriji na kubaki na sponji, ambayo utaiosha na kuirudisha kwa miaka. Sponji inabadilishwa ikianza kulegea na kushindwa kurudi umbo baada ya kukamuliwa. Hata siku hiyo ukiifikia, badilisha nusu, nusu nyingine isubiri.

Kwa leo: badilisha robo hadi theluthi ya maji, punguza chakula, na hakikisha maji yanayorudi yanavuruga uso wa tangi. Oksijeni inaingilia juu, kwenye uso unaotikisika. Viputo vyenyewe vinasaidia zaidi kwa kuutikisa huo uso kuliko kwa hewa iliyomo ndani yake.

Tena kwa sababu una vifaranga, vika sponji kwenye mdomo wa kunyonya. Vinginevyo filta inakula watoto wa gapi kabla mama zao hawajawala.

#6 MamaPacha

Nimeelewa kaka, asante. Hiyo sponji nikiiosha natumia sabuni gani?

#7 Chewa

Dada hapana! Sabuni isikaribie kabisa.

#8 Perege

Chewa kaniwahi. Sabuni hapana, maji ya moto hapana, na maji ya bomba yenye klorini hapana pia, kwa sababu klorini imewekwa humo mahsusi kuua bakteria.

Unapofyonza maji ya kubadilisha, yakusanye kwenye beseni. Ikamulie sponji humo mara kadhaa hadi matope mengi yatoke. Usitafute irudi rangi yake ya dukani. Ikibaki na weusi kidogo ni sawa, muhimu maji yapite. Kauri usizisugue, zitikise tu humohumo. Kazi yote iishe haraka, zisikauke na zisikae juani. Kama filta ina sponji mbili, osha moja leo, nyingine baada ya wiki mbili. Na siku ya kuosha filta usioshe pia changarawe na kusugua vioo vyote, maana utakuwa umewafukuza wapangaji wa nyumba nzima siku moja.

Maji mapya yatibiwe kabla ya kuingia tangini. Kuyalaza usiku kucha kunaondoa klorini ya kawaida, lakini kuna mifumo ya maji inayotumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kulaza. Hapo unahitaji dawa ya kuondoa klorini, na usome lebo uhakikishe imetaja kloramini.

#9 Fundi_Bomba

Mmezungumzia sponji mmemsahau mgonjwa mkuu: impela, yaani kile kipande chenye sumaku na panga kinachozunguka ndani ya pampu. Filta nyingi zinazotupwa hazijaungua. Zimezibwa na nyuzi za mwani, konokono wadogo, mchanga na ukoko mweupe wa chokaa.

Chomoa umeme kwanza. Chomoa, usizime swichi tu. Toa kifuniko, vuta impela taratibu kwa kuwa mhimili wake mara nyingi ni wa kauri na unavunjika ukiupinda. Safisha shimo inamokaa kwa brashi nyembamba au kijiti chenye pamba. Ukoko wa chokaa loweka kwenye siki kidogo, kisha suuza sana. Rudisha, hakikisha vile vipira viwili vya ncha za mhimili vipo. Watu wanavipoteza kwenye sinki halafu wanauliza kwa nini filta inanguruma.

Kelele zina lugha yake. Mkwaruzo: mchanga au mhimili umelika. Mvumo wa kutikisika: filta inagusa kioo au kabati. Mlio wa kububujika kwenye filta ya ndoo: kuna hewa ndani, iinamishe huku na huku itoke, na kama inarudi tena chunguza viungo vya mpira upande wa kunyonya. Kwenye ya kuning'inia, kelele ya maporomoko ina maana maji ya tangi yamepungua, ongeza.

Ule mpira wa mduara unaoziba kichwa cha ndoo upakwe grisi ya silikoni. Msitumie mafuta ya mgando ya kujipaka, yanaharibu raba. Uvujaji mwingi wa ndoo unaanzia kwenye mpira uliokauka au unywele mmoja uliokaa juu yake.

#10 Kibua

Nyie mnahangaika. Mimi tangi langu halina filta kabisa, mimea tu, na samaki wapo wanadunda. Filta ni biashara.

#11 Perege

Inawezekana, mkuu, wala sikupingi. Mimea inayokua haraka inafyonza amonia moja kwa moja, na bakteria wanakaa kwenye udongo na majani. Lakini tuambie una samaki wangapi na mwanga kiasi gani. Matangi ya namna hiyo yanasimama kwa sababu samaki ni wachache, chakula ni kidogo, na mimea imejaa. Mtu akisoma "halina filta" akaenda kuweka samaki wa dhahabu watatu kwenye bakuli tupu, hajafanya unachofanya wewe.

#12 Kibua

Samaki aina ya neoni 8, lita 90, mimea hadi huoni upande wa pili. Sawa nimekubali, isomeke hivyo 😅

#13 Jongoo_Bahari

Swali: umeme ukikatika saa nyingi inakuwaje? Na ukirudi niwashe tu?

#14 Fundi_Bomba

Inategemea aina. Sponji iko ndani ya maji ya tangi wazi, bakteria wanapata oksijeni kidogo kidogo, wanavumilia. Pampu ndogo ya hewa ya betri inaliendesha vizuri tu.

Filta ya ndoo ni hatari zaidi kwa sababu imefungwa. Maji yaliyomo hayazunguki, bakteria na uchafu wanamaliza oksijeni, wanaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, ile supu yote inamwagwa kwa samaki. Kwa hiyo ukiona kukatika kunaendelea, fungua ndoo, toa vichujio uvitumbukize tangini. Kama ulichelewa, usiwashe. Mwaga maji ya ndani, suuza vichujio kwa maji ya tangi, nusa. Harufu ya yai viza ina maana suuza tena na upime amonia siku zinazofuata kana kwamba tangi ni jipya.

Na usiwalishe umeme ukiwa umekatika.

Jambo lingine: pampu ya hewa ikikaa chini ya usawa wa maji bila vali ya kuzuia kurudi, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi kwenye pampu na sakafuni. Iweke juu, au weka vali. Na nyaya zote zining'inie zishuke chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lianguke sakafuni lisifike kwenye umeme.

#15 Perege

Niongezee hapo kwenye joto. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 ni kama 7.5. Kwa hiyo kipindi cha joto kali filta ikisimama, muda wa kuchukua hatua ni mfupi zaidi.

#16 Chewa

Hatujagusa kaboni, yale makaa meusi ya kuchujia. Mimi siweki. Inaondoa harufu, rangi ya magogo na mabaki ya dawa, lakini inajaa baada ya wiki chache na baada ya hapo ni sponji ya bei mbaya. Na mkitibu samaki, itoeni kwanza, la sivyo inafyonza dawa na mnasema dawa ni feki.

#17 Perege

Nakubaliana. Kaboni ni ya kuitoa dawa baada ya matibabu, au maji yakinuka. Haihitajiki kila siku.

#18 Jongoo_Bahari

Mimi ndiyo naanza. Filta ninayo, tangi nimejaza juzi, maji yanang'aa. Samaki lini? Nataka samaki wa dhahabu wawili, tangi lita 80.

#19 Perege

Ndugu, filta yako sasa hivi ni plastiki inayozungusha maji. Bakteria hawajaja. Kwa kawaida inachukua wiki nne hadi sita, na njia ya huruma ni kuwalisha bakteria kabla ya samaki. Tumia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni, weka hadi kipimo kisome kama miligramu 2 kwa lita, na uirudishie inaposhuka. Utaona amonia inapanda, kisha nitriti, kisha nitrati. Siku ukiweka miligramu 2 na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote ni sifuri, filta imeiva. Badilisha maji mengi kupunguza nitrati, kisha weka samaki. Vipimo vya matone ninaviamini kuliko vijikaratasi.

Ukitaka kufupisha, omba mwenye tangi zima lisilo na magonjwa akukatie kipande cha sponji iliyokomaa, au akukamulie yake ndani ya tangi lako. Maji yake ya tangi pekee hayasaidii sana, bakteria hawakai humo. Kisafirishe kikiwa na unyevu na ukifunge siku hiyohiyo.

Fuatilia na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Ikishuka chini ya 6 bakteria wanafanya kazi kwa uvivu na mchakato unaweza kukwama. Ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa kwenye hali yake ya sumu kali, kwa hiyo kipimo kilekile cha amonia ni kibaya zaidi kwenye pH 8 kuliko kwenye 7.

Kuhusu samaki wa dhahabu, wanakula sana na wanachafua sana, na wanakua wakubwa kuliko wanavyoonekana wanapouzwa. Lita 80 kwa wawili ni pa kuanzia tu, panga tangi kubwa zaidi mbele ya safari. Kwao ningepita ile kanuni ya mara 4 hadi 6 na kwenda mara 8 hadi 10, lakini mdomo wa kurudisha maji uelekeze kwenye kioo au utawanye kwa bomba lenye matundu, hasa kama ni wale wa mwili mviringo, hawana nguvu ya kuogelea. Ningeweka mbili badala ya moja kubwa: ya kuning'inia kwa ajili ya uchafu, na sponji kwa pampu ya hewa. Unaosha moja, nyingine inaendelea, na moja ikifa usiku samaki hawafi nayo.

#20 Jongoo_Bahari

Na hiyo sponji ya pili nikiiweka leo pamoja na hii, zote zinaiva kwa wakati mmoja?

#21 Perege

Ndiyo, ziwashe zote leo. Amonia utakayoweka itagawanyika kwao. Pima siku ya tatu, ulete namba hapa.